Kitanzi Kimoja, Petali Moja

Hotuba ya mkufunzi wa ushonaji kwa vikundi vya akina mama na vijana, siku ya kwanza ya mafunzo ya kudarizi

 

Katiba ya mwaka 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani mikononi mwa kaunti. Ndiyo maana somo kama hili linawafikia hapa karibu. Leo tunajifunza mshono mmoja tu, mshono wa kitanzi unaotoa petali za ua. Hauhitaji cherehani wala umeme.

Chukueni kitambaa cha pamba, sindano yenye tundu refu na uzi wa kudarizi. Uzi huu una nyuzi 6 zilizolazwa pamoja, tenganisheni 3. Kateni urefu wa sentimita 45 hivi, kwa sababu uzi mrefu hujifunga mafundo.

Choreni kwa penseli nukta ya katikati, kisha nukta 5 kuizunguka, kila moja umbali wa sentimita 1. Toeni sindano kutoka chini, pale katikati. Lazeni uzi uwe kitanzi, muushike kwa kidole gumba. Rudisheni sindano papo hapo ilipotokea, na ncha yake itokeze kwenye nukta ya nje, uzi wa kitanzi ukiwa chini ya ncha hiyo. Vuteni polepole. Mkivuta sana, petali itakuwa mstari na kitambaa kitakunjamana.

Sasa petali ipo, lakini haijashikwa. Pigeni mshono mdogo kuvuka ncha ya kitanzi, kisha rudini katikati kwa chini. Rudieni mpaka petali 5 zitimie.

Oda yangu ya kwanza ilikuwa ya vitambaa vya makochi. Nilitaka kumaliza upesi, nikashona petali za sentimita 3 ili maua yajaze kitambaa. Machoni yalipendeza. Yalipofuliwa mara moja tu, vitanzi vilinasa kwenye vifungo vya nguo nyingine vikavutika. Tena uzi mwekundu ulichuja rangi. Mteja alivirudisha vyote, nami nikarudisha pesa zake. Hakuja tena.

Tangu siku hiyo, petali zangu ni fupi, na kabla ya kupokea malipo ya mtu hushona ua moja la majaribio na kulifua. Sabuni na maji huniambia ukweli kabla ya mteja kuniambia.

Basi kila mmoja aondoke leo na ua moja. Lifueni, lianikeni, mlilete wiki ijayo. Tutalitazama mbele na nyuma, maana mnunuzi anayejua kazi hugeuza kitambaa kwanza.

Shikeni sindano, tuanze.