Homa ya Aliyepasuliwa Kichwa Isisubiri Asubuhi

Msikilizaji, kijana aliyeanguka na bodaboda akapasuliwa kichwa hajavuka hatari kwa kutolewa tu chumba cha upasuaji. Damu iliyovilia imeondolewa, lakini katika siku zinazofuata ubongo wake unaweza kuvimba, na homa huuzidishia madhara.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ilhali hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake. Joto likipanda, mahitaji hayo nayo hupanda. Damu huongezeka kichwani, na kwa kuwa fuvu halitanuki, shinikizo ndani yake hukua. Sehemu ya ubongo iliyonusurika barabarani inaweza kufia wodini.

Ubongo uliojeruhiwa mara nyingi huwa na joto kuliko mwili, kwa nusu nyuzi hadi nyuzi moja, na pengine zaidi. Kipimajoto cha kwapani nacho husoma chini ya joto halisi la ndani. Kikionyesha 37.8, huenda ubongo umeshavuka 39. Kwenye uwezo, madaktari hupitisha kipimo chembamba hadi ndani ya ubongo wenyewe. Kifaa hicho ni ghali, lakini kupima kwa njia ya haja kubwa kunawezekana karibu kila mahali, na kunakaribia ukweli kuliko kwapa.

Sisemi wagonjwa wagandishwe. Utafiti wa Eurotherm3235, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusisha wagonjwa 387 wenye shinikizo kubwa la ubongo. Waliopozwa hadi kati ya nyuzi 32 na 35 walitoka na hali mbaya kuliko wenzao. Kazi yetu ni kuizuia homa.

Kwa hiyo naomba joto la wagonjwa hawa lifuatiliwe usiku kama mchana. Homa ikionekana, ishushwe mara moja, na chanzo kitafutwe saa hiyo hiyo: nimonia, kidonda, mrija wa mkojo, malaria. Nanyi ndugu mnaouguza, mkimwona anachemka msimwongezee blanketi; mwiteni muuguzi.

Wakuu wa hospitali, muuguzi aliyeachiwa wodi nzima peke yake usiku hawezi kuifanya kazi hii. Mnapopanga bajeti ya upasuaji wa ubongo, wekeni humo wauguzi wa kutosha na vipimajoto vya kuaminika. Bila hivyo, upasuaji huo mmeugharamia nusu.