Kila mche na nafasi yake

Maongezi kwa wanachama, mbele ya mvua kuanza

Leo hatutasema mambo ya michango. Tutasema jambo moja lililotumalizia mbegu msimu uliopita: tulipanda karibu-karibu sana.

Tuseme ukweli, bila kumnyoshea mtu kidole. Tulipogawana mbegu za tomati, kila nyumba ilipata kidogo. Kwenye tuta la metre 5 kwa metre 1, wengi wetu tulisimamisha miche 60 na zaidi. Mwezi wa kwanza tulifurahi. Bustani ilikuwa kijani kabisa, ata wapita njia walisimama kuangalia. Halafu mvua ikakaza. Majani ya chini yakawa meusi, shina likafuata, tomati zikaoza zikiwa mbichi. Wale wachache waliopanda miche 20 tu kwenye tuta kama lile, tuliwacheka, tukasema ni wavivu. Njo hao waliuza tomati sokoni, na sisi tukaenda kununua kwao.

Kwa nini tulifanya vile? Haikuwa ujinga. Wamoja wetu tumetoka Nyarugusu, wengine upande wa Zambia, wengine tulilala Katanika, karibu na mji wa Kalemie. Kule kote tulijifunza bustani ya mkimbizi. Nafasi ni ile ya mbele ya mlango. Unatupa mbegu nyingi, lengalenga ikitoka tu unangoa, unapika, juu hujui mwezi ujao utakuwa wapi. Kwa lengalenga ya kungoa, njia ile iko muzuri na hatuiachi. Lakini tomati inaomba miezi mitatu, wakati mwingine na zaidi. Shu vilevile. Huwezi kuzipanda kama mtu mwenye kufunga mizigo.

Miche ikibanana, mambo matatu yanatokea. Kwanza, mizizi inagombania maji na mbolea, hakuna anayeshiba. Pili, kila mche unakimbilia juu kutafuta jua: unakuwa mrefu, mwembamba, hauna nguvu ya kubeba matunda. Tatu, hewa haipiti. Majani yanabaki na maji mpaka saa sita, na ugonjwa unapenda majani yenye maji. Jani likigusa jani, ugonjwa unavuka kama mtu anayevuka mlango.

Sasa, tutapima namna gani? Hakuna haja ya kununua kitu. Fungua mkono wako: tangu ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo njo shibiri, karibu sentimetre 20 kwa mtu mzima. Lakini mikono haifanani. Njo maana tunaomba kila nyumba ikate fimbo ya sentimetre 60, na kuitia alama kila sentimetre 10. Mwenye metre ya fundi ataleta, tutapima fimbo zote pamoja leo.

Hivi njo vipimo vyetu:

Tomati: sentimetre 50 kati ya mche na mche, 60 kati ya mstari na mstari. Kwenye tuta letu inatoa mistari miwili, miche 10 kila mstari. Kila mche na mti wake wa kuegemea.

Shu: 50 kila upande. Ukibana, itatoa majani, haitafunga kichwa.

Bilinganya: 60 kwa mche, na 70 ao 80 kwa mstari. Inakaa muda mrefu na inapanuka.

Pilipili na gombo: 40 kwa mche, 60 kwa mstari.

Bitunguu: 10 kwa kila kimoja, 20 kwa mstari.

Karoti: panda kwa mstari, halafu punguza mpaka vidole viwili ao vitatu kati yao.

Lengalenga ya kungoa: tupa, lakini si kama chumvi kwenye sahani. Lengalenga ya kukata na kuiacha ichipuke tena: 20 mpaka 30.

Maboga: metre 1 ata 2, pembeni, yasitambae juu ya wengine.

Vipimo hivi si sheria ya serikali. Wakati wa mvua, panua kidogo ili majani yakauke. Wakati wa kiangazi, unapomwagilia kwa bido, unaweza kusogeza kidogo ili majani yafunike udongo, jua lisiukaushe. Na usipite kiasi upande ule mwingine: udongo ukibaki wazi sana, majani mabaya njo yatakula mbolea yako.

Mama mmoja alituuliza: «Hii nafasi yote kati ya shu, niiangalie tu na watoto wana njaa?» Hapana, mama. Siku unapopanda shu, tupa lengalenga kidogo katikati. Kisha juma tatu ao ine unangoa, watoto wanakula, na shu bado ndogo haijaitaka nafasi ile. Bitunguu navyo vinaweza kukaa pembeni ya tomati. Nafasi hailali bure, inangoja zamu.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Miche ikitoka mingi, lazima kupunguza. Msimu uliopita wengi walikataa. Mmoja wetu alisema: «Mimi nilikimbia, nikaacha shamba nzima na mihogo ndani. Leo munaniambia ningoe miche mizima kwa mukono wangu?» Hakuna aliyemjibu, juu kila mtu alikuwa na shamba lake alilolifikiri.

Mama, tulikaa na neno lako. Jibu letu ni hili: usitupe. Mche wa tomati ama wa shu unaongolewa jioni, jua likishuka, na udongo wake kwenye mizizi, unapelekwa kwa jirani mwenye nafasi. Umwagilie, ufunike na jani siku mbili tatu. Lengalenga inaingia ndani ya chungu. Karoti tu haipendi kuhamishwa, njo maana tunaitupa mbegu kidogo tangu mwanzo. Ulichokiacha zamani ulinyanganywa. Hiki unakigawa wewe mwenyewe, na unajua kiko kwa nani.

Kwa hiyo tunakubaliana hivi. Kila nyumba itafanya tuta moja kwa fimbo, moja tu. Lingine, panda unavyozoea. Siku ya kuvuna tutapita nyumba kwa nyumba, tutaangalia vikapu, na vikapu njo vitasema. Mwenye miche ya kuzidi asilale nayo, amwambie jirani siku ileile.

Tuliporudi huku, tuligombania nafasi kidogo ya kusimamisha nyumba. Tunajua uzito wa kukosa nafasi. Basi, tuipe miche yetu.

Wenye fimbo, sogeeni hapa mbele tupime.