Jina Linapokosekana Daftarini: Kutafuta Maneno na Kupata Msaada kwa Amri za Kompyuta

(Maneno tuliyoyatoa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili, Kiabakari)

 

Tumeombwa tuzungumzie kompyuta. Tunajua baadhi yenu mkisikia neno hilo mnaanza kutazama dirishani. Basi tuanze na mama mmoja.

Alifika ofisini kwetu asubuhi, akakaa kwenye benchi. Binti yake ni mmoja wa watoto tunaowasaidia sare, madaftari na gharama za bweni. Siku hizo tulikuwa tunaandaa orodha ya kupeleka kwa wafadhili, na jina la binti huyo halikuwamo. Katibu wetu alimwamkia, kisha akamwambia: "Mama, tumetafuta kwenye kompyuta, jina la mtoto halipo." Yule mama akajibu kwa upole: "Mwanangu, nilimwandikisha mimi mwenyewe, nawe ulikuwa umekaa hapo hapo ulipo."

Alikuwa anasema kweli. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumetafuta neno "Rhobi", kompyuta ikakaa kimya, nasi tukaufanya ukimya ule kuwa jibu. Kumbe daftari la mwaka mmoja liliandika "Robi", na la mwaka uliofuata, lililoandikwa na mtu mwingine, liliandika "Lobi". Ninyi wa Mara hamhitaji kuelezwa habari ya "r" na "l" midomoni mwetu. Bhoke ni Boke, Ghati ni Gati, Wambura ni Wambula, kutegemea nani ameshika kalamu. Mtu hucheka, lakini mtoto anaweza kukosa bweni kwa herufi moja.

Kompyuta zetu ni kuukuu, tulizopewa, nazo zinatumia mfumo wa Linux, usiodai ada ya leseni. Ndani yake mna dirisha jeusi liitwalo terminali. Hapo hubofyi picha. Unaandika amri, unabonyeza Enter, mashine inakujibu. Moja ya amri hizo ni grep, kazi yake kutafuta maneno ndani ya mafaili. Iliandikwa na Ken Thompson katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina lake gumu limetoka kwenye amri ya programu ya zamani ya kuhariri maandishi, g/re/p, yaani "pita kote, tafuta mfano huu wa maneno, uchapishe". Wazee wa hapa waliowahi kuchekecha mchanga wa dhahabu wataielewa upesi: unamwaga mchanga wote kwenye karai, kinachobaki ndicho ulichokitaka.

Siku ile tulikuwa tumeandika hivi:

grep Rhobi *.csv

Maana yake: tafuta "Rhobi" katika mafaili yote yanayoishia na csv kwenye folda hii. Mashine ilitii kabisa. Ilitafuta R kubwa, h, o, b, i, wala haikujali kitu kingine. Baada ya mama yule kuondoka (tulimwomba radhi, akanywa chai, hakuonekana kuwa na kinyongo), tuliandika upya:

grep -inE '[rl]h?obi' *.csv *.ods

Hebu tuifungue taratibu, kwa sababu hapa ndipo penye mali. Herufi zilizo ndani ya mabano ya mraba zinamaanisha "yoyote mojawapo ya hizi", yaani r au l. Alama ya kuuliza baada ya h inasema h hiyo inaweza kuwapo au isiwepo. Alama za kunukuu zinazuia mashine isizitafsiri ishara hizo kwa namna nyingine kabla grep haijazipata. Mbele yake, i inasema usibague herufi kubwa na ndogo, n inataka namba ya mstari, na E inaruhusu alama ya kuuliza ifanye kazi tuliyoitaja. Tukabonyeza. Robi akatokea, Lobi akatokea, na Robinson mmoja naye akajitokeza, kwa kuwa jina lake linaanza na herufi zilezile. Huyo tulimwacha aende zake.

Mafaili mawili yakatujibu. La tatu likabaki kimya, na hilo ndilo lililotufundisha zaidi. Lilikuwa limehifadhiwa kwa mfumo wa ods, ule wa majedwali ya LibreOffice. Faili la ods, kama lilivyo la xlsx au docx, limefungashwa ndani kwa kubanwa. Ni kiroba kilichoshonwa mdomo: grep inapapasa nje, haikuti nafaka, inanyamaza. Haikwambii kwamba haikuweza kuona ndani. Tulilifungua kwa LibreOffice, tukalihifadhi upya kama csv, tukatafuta tena, na jina likatoka. Kwa hiyo makatibu, tunawasihi: daftari mkilifunga mwishoni mwa mwaka, hifadhini na nakala ya csv pembeni. Ukimya wa grep una maana tu ikiwa faili linasomeka.

Lipo tatizo la upande wa pili, la kupata kingi mno. Mhazini wa kamati ya maji alitaka mistari yote yenye neno "maji" katika mihutasari ya vikao. Akaletewa maji, na Majita yote pamoja nayo! Kila mjumbe wa Majita, kila nauli ya kwenda Majita. Dawa yake ni herufi moja:

grep -iw maji *.txt

Hiyo w inadai neno zima peke yake. Ukitaka kuona kilichosemwa kabla na baada, ongeza -C 2, utapewa mistari miwili juu na miwili chini, maana mstari mmoja wa muhtasari mara nyingi husema tu "wajumbe walikubaliana" bila kusema walikubaliana nini.

Wafadhili wetu, hili linalofuata linawahusu ninyi. Grep ina herufi c ya kuhesabu. Inahesabu mistari, haihesabu watu. Mtoto aliyeandikwa mara mbili kwa mwaka, kila muhula mara moja, anahesabiwa mara mbili. Tuliwahi kuichukua namba ya namna hiyo na kuiweka kwenye rasimu ya ripoti, na kabla ya kuituma mzee mmoja wa kamati akauliza, "Hawa watoto wote wanalala wapi?" Tukarudi, tukahesabu majina. Tangu hapo, kila namba ya ripoti inasomwa mbele ya mtu anayewajua watoto kwa sura.

Sasa, mtauliza, mambo haya yote ya i na w na c tuliyapata wapi? Mwalimu hatukuwa naye. Bando la intaneti lilikuwa likiisha katikati ya mwezi. Jibu ni kwamba kitabu kilikuwamo ndani ya mashine siku zote. Mfumo wa Unix, ambao Linux inafuata nyayo zake, umekuwa na kitabu chake cha maelezo tangu Novemba 1971, na desturi hiyo haikuachwa. Andika:

man grep

Unapata maelezo ya amri nzima, bila intaneti, hata kama uko kigango cha mwisho barabarani. Kwenda ukurasa unaofuata, bonyeza kitufe kirefu cha nafasi. Kutafuta neno humo ndani, andika mkwaju na neno lako, kwa mfano /count, kisha n kwenda panapofuata. Kutoka ni q. Tunaisisitiza hiyo q kwa sababu katibu wetu mmoja aliingia humo mara ya kwanza, akashindwa kutoka, akazima mashine kwa kuchomoa waya. Tunamsamehe. Wengi wetu tulifanya hivyo.

Ukisahau jina la amri lakini unakumbuka kazi yake, andika man -k na neno moja la kazi hiyo, nawe utapewa orodha ya amri zinazofanana nayo. Ukitaka maelezo mafupi, andika jina la amri kisha --help, kama grep --help. Amri chache, kama cd ya kuhama folda, zimo ndani ya programu yenyewe inayopokea amri zetu. Hizo huulizwa kwa kuandika help cd. Na msaada ukiwa mrefu, unaweza kuuchekecha kwa grep ileile:

grep --help | grep count

Ile nguzo iliyosimama katikati inachukua maneno ya amri ya kwanza na kuyamwaga ndani ya ya pili.

Lakini mmeona ugumu uliopo. Tumetafuta "count", hatukutafuta "hesabu". Maelezo hayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na makatibu wetu wengi ni wa kidato cha nne. Si kwamba Kiswahili kimeshindwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Na katika mkoa wetu huu, miaka ya 2000, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha KTH cha Sweden walifanya mradi wa mtandao wa vijijini katika wilaya za Bunda na Serengeti. Kazi ilianza, tena kwa heshima. Ila kurasa za man bado hazijatufikia kwa lugha tunayoiota usiku.

Tulichofanya ni kidogo. Tumeanza faili moja tu la maandishi, msaada.txt. Kila katibu akijifunza amri, anaandika mstari mmoja kwa maneno yake, kama angemweleza mdogo wake: "hesabu mistari yenye neno: grep -c". Ukisahau, unaandika grep -i hesabu msaada.txt, na mstari unakuja. Baadhi ya mistari imeandikwa vibaya na tunairekebisha. Hatuoni aibu. Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969. Kama yeye alirudia, sisi ni nani?

Ombi letu kwa wafadhili, mtusamehe kwa kulisema wazi, si kompyuta mpya. Hizi kuukuu zinatosha. Tunachokosa ni nauli na chakula cha siku mbili kila robo mwaka, ili makatibu wa vigango wakae pamoja, walete madaftari yao, na kusafisha majina. Kwa kamati, tunaomba kila kigango kituletee orodha ya namna zote ambazo majina ya kwao huandikwa: Bhoke na Boke, Ghati na Gati, na mengine tusiyoyajua sisi wa ofisini. Orodha hizo zenye majina ya watoto zisitumwe kwenye makundi ya simu. Zileteni kwa mkono.

Yule binti yumo kwenye orodha. Tumeliandika jina lake kama mama yake alivyolitamka, h ikiwamo, na pembeni tumeweka yale mengine mawili.

Basi, mashine iko pale mezani na umeme upo. Mhazini wa maji amesema ataanza yeye. Wengine wavute viti karibu.