Malezi Hufika Hadi Kwenye Jeni
Hotuba ya afisa wa watoto katika baraza la wazazi

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichunguza ubongo wa watu waliojitoa uhai. Kwa walioteswa utotoni, jeni inayosaidia mwili kutulia baada ya mfadhaiko ilikuwa na alama nyingi zaidi za kikemikali. Jeni haikubadilika, ila utendaji wake ulipungua.

Hiyo si hukumu. Mtoto akipata mtu mzima wa kumpenda na kumsikiliza, ana nafasi ya kupona. Tuwaonye watoto bila kuwapiga wala kuwatusi. Ukiona mtoto anateswa, mwambie chifu au piga 116, bila malipo, usiku na mchana.