Grisi Ifaayo kwa Gololi za Baiskeli

Hotuba ya mafundi wa karakana mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Tumesikia leo habari za mizani, za bei, za maghala na za mikopo, na hapana asiyekiri kwamba hayo ni mambo makubwa. Sisi wa karakana tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo dogo, tena la kuchafua mikono. Twawaomba mtuvumilie, kwani pamba iliyotajwa katika hesabu zote zilizosomwa hapa haikuruka kwa mbawa kutoka mashambani hadi ghalani. Sehemu yake isiyo ndogo ilipakiwa kwenye keria ya baiskeli, ikafungwa kwa mipira, ikapitishwa katika njia za mchanga na za udongo wa mbuga, na katika safari yote hiyo uzito wake ulikuwa juu ya vigololi vya chuma visivyozidi ukubwa wa punje ya mbaazi.

Wapo wasemao kwamba siku za baiskeli zimekwisha, na kwamba pikipiki imechukua nafasi yake. Hatubishani nao. Lakini baiskeli hainywi petroli, na mwanachama mwenye ekari mbili hapendi kulipa nauli kabla hajapokea malipo ya pamba yake.

Yatupasa kwanza kukiri kosa letu wenyewe. Mwaka 2019 tulinunua pipa la grisi kwa bei iliyotupendeza. Ilikuwa laini, ya rangi ya manjano, na juu ya pipa iliandikwa kwamba yavumilia joto kali. Tukaona tumepata bahati. Tukazifungua baiskeli za wanachama, tukaziosha gololi, tukazipaka grisi hiyo, tukazirudisha kwa wenyewe kabla mvua hazijaanza. Mvua za mwisho wa mwaka ule mnazikumbuka; hatuna haja ya kuzieleza.

Soko lilipofunguliwa mwaka uliofuata, baiskeli zikaanza kurudi kwetu moja baada ya moja. Mwanachama mmoja alitoka kijijini alfajiri na mzigo wa kilo 80. Alipofika katikati ya njia gurudumu la nyuma likakaza, likakataa kuzunguka, na baiskeli ikaanguka upande. Gunia likapasuka. Pamba aliyokwisha kuichambua na kuipanga safi ikamwagika mchangani, naye akalala kando yake usiku ule akiilinda. Kesho yake karani aliipokea kama pamba fifi, wala hatuwezi kumlaumu karani, maana mchanga ulikuwamo. Hasara ile ilitokana na kijiko kimoja cha grisi mbaya, na aliyeitia ni sisi.

Tulipokifungua kitovu cha gurudumu lile tulikuta kitu kama maziwa yaliyoharibika, chenye rangi ya kutu, na gololi zimeliwa vishimo vishimo. Ndipo tulipokaa chini kujifunza jambo ambalo tungalijifunza kabla ya kufungua mkoba.

Grisi, Ndugu Wanachama, si mafuta mazito tu. Ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni, kama maji yanavyoshikwa na dodoki. Ukilibana dodoki, maji hutoka kidogo. Ukiliachia, huyanywa tena. Vivyo hivyo gololi ipitapo juu ya grisi huyapata mafuta kidogo, na mengine hubaki yameshikwa mahali pake. Sehemu kubwa ya grisi ni hayo mafuta, na sabuni ni sehemu ndogo. Lakini tabia ya grisi mbele ya maji na mbele ya joto hutoka zaidi kwenye sabuni yake, na sabuni zenyewe ni za namna nyingi.

Ile tuliyoinunua sisi ilikuwa ya sabuni ya soda. Hiyo hustahimili joto vizuri, na kwa mashine ikaayo ndani ya nyumba, pakavu, yaweza kufaa. Lakini soda na maji ni marafiki wa tangu zamani, kama ajuavyo kila mwenye kufua nguo. Maji yakiingia, sabuni huyeyuka, mafuta huachwa bila mwenye kuyashika, na chuma hubaki na maji machafu. Siku hizi grisi ya namna hiyo ni adimu madukani, ila haijatoweka. Muuzaji wetu hakutudanganya hata kidogo. Aliuza grisi ya joto, nasi tulitaka grisi ya mvua, wala hatukumwambia.

Hapa ndipo lilipo jambo tulilokuja kulisema. Watu wengi huchagua grisi kwa kutazama sifa zilizo kubwa koponi: joto kali, mwendo wa kasi, mashine za viwandani. Na tuitazame baiskeli yetu yenyewe. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husafiri mita mbili na robo hivi. Mtu aendaye kilomita 15 kwa saa, nalo ni mwendo mzuri kwa mwenye mzigo, gurudumu lake huzunguka mara 112 tu kwa dakika. Mwendo huo hauzai joto lolote la kutajwa ndani ya kitovu. Hata baiskeli iliyoachwa juani mchana kutwa, chuma chake hakifikii joto la maji yachemkayo. Basi joto si adui yetu, wala kasi si adui yetu. Adui zetu ni watatu: maji, vumbi na uzito. Mwenye kulipa fedha zaidi kwa ajili ya joto ananunua mwavuli wa kuvaa chumbani.

Uzito huo ni wa namna gani? Gurudumu la nyuma la baiskeli zetu za kawaida lina gololi tisa kila upande, za robo inchi. La mbele lina kumi kila upande, nazo ni ndogo zaidi. Lakini si zote zibebazo kwa wakati mmoja. Zile zilizoko upande wa mzigo ndizo zibebazo, na kila moja hugusa bakuli lake na koni yake mahali padogo kama kichwa cha pini. Mpanda baiskeli pamoja na gunia lake wako juu ya vichwa vya pini vichache. Pakikosekana utando wa mafuta hapo katikati, chuma husaga chuma.

Basi tuchague ipi? Kwa maoni yetu, grisi ya sabuni ya lithiamu yatosha kwa kazi zote za gololi za baiskeli. Hiyo ilianza kupewa hataza huko Marekani mwaka 1942, na leo ndiyo iliyoenea kuliko nyingine zote. Hata katika mji mdogo haikosekani dukani kwa wauza vipuri vya magari. Hustahimili maji vya kutosha, na huvumilia kazi hadi karibu nyuzi 120 za joto, ambazo sisi hatuzihitaji lakini hazitudhuru. Ya pili ni ile ya zamani ya sabuni ya chokaa. Hii huyakataa maji vizuri zaidi, na mara nyingi ni rahisi kwa bei. Udhaifu wake ni joto, nasi tumekwisha kusema kwamba joto halituhusu. Waliozoea kuidharau kwa sababu ni ya kizamani waifikirie upya. Na wanachama waishio kandokando ya Ziwa wakipata grisi itumiwayo kwenye boti, waichukue bila wasiwasi, maana kilichotengenezwa kikae majini hakitaogopa dimbwi la njiani.

Baada ya sabuni, tazameni namba. Kopo lililo la kweli huandikwa herufi NLGI, ambazo ni za taasisi ya watengeneza grisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1933, na mbele yake namba. Namba hizo huonyesha uzito: 000 hutiririka kama mafuta, na 6 ni ngumu kama kipande cha sabuni. Ifaayo kwetu ni Namba 2, yenye uzito kama wa karanga zilizosagwa. Iliyo nyepesi kuliko hiyo huvuja, ikachafua spoki na kuvuta vumbi.

Rangi msiitazame. Nyekundu, buluu, kijani, zote hizo aghalabu ni mapambo ya mtengenezaji. Tumewahi kumsikia fundi mwenzetu akiapa kwamba nyekundu ina nguvu zaidi. Tulipomwuliza sababu, alisema kwamba hata pilipili ni nyekundu.

Lakini mara nyingi mwanachama hukuta grisi imepimwa katika vikopo visivyo na jina. Hapo afanyeje? Achukue kiasi cha punje ya maharage, aiweke kiganjani, atie matone machache ya maji, asugue kwa kidole. Ikigeuka maji ya maziwa na kuondoka mkononi, na aiache hapo hapo. Ikibaki imeshika ngozi na matone yakaikimbia, ina dalili njema. Kisha aisugue nyingine kavu kati ya vidole viwili karibu na sikio lake. Akisikia hata chembe moja ya mchanga, asiinunue hata kwa bure.

Twaombwa mara kwa mara tuseme juu ya vitu vya nyumbani. Samli, mawese na mafuta ya nazi ni chakula. Katika kitovu cha gurudumu huchacha, hufanya ugwadu unaokula chuma, na panya huipenda baiskeli kuliko mwenyewe. Mafuta ya kujipaka yale ya kopo huyeyuka kwa joto dogo na kuondoka. Oili iliyomwagwa kutoka katika injini ya lori imejaa masizi na unga wa chuma. Hayo yote yaweza kumfikisha mtu nyumbani siku ya shida; yasikae humo juma zima.

Grisi njema huharibiwa na kazi mbaya. Msiitie mpya juu ya kuukuu, kwa sababu sabuni za namna mbili zikikutana huenda zikalegezana, na zote mbili zikawa uji. Fungueni, osheni gololi, bakuli na koni kwa mafuta ya taa, kausheni kabisa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Nyuzi za pamba zinazojisokota kwenye ekseli ni mali ya Chama zikiwa ndani ya gunia, si ndani ya beringi. Gololi moja ikiwa na kishimo, badilini zote za upande huo. Kisha jazeni bakuli grisi na kuzipanga gololi humo. Kijiko kimoja cha chai chatosha kila upande. Kwa mashine iendayo kasi, kujaza sana ni kosa, maana grisi hupata moto. Kwa baiskeli si kosa: ile ya ziada husukumwa nje na kufanya ukuta wa kuzuia vumbi. Futeni tu iliyotapakaa nje ya ukuta huo.

Pedeli ndizo hukaa karibu zaidi na matope, nazo ndizo husahauliwa kuliko zote. Zipewe grisi hiyo hiyo, pamoja na shingo ya usukani na ekseli ya pedeli. Ila mnyororo msiupake grisi kamwe. Vumbi litanata, na mtakuwa mmetengeneza tupa ndefu ya kujisagia meno ya gia. Mnyororo hutaka oili nyepesi, ufutwe baada yake. Vivyo hivyo ile friwili, chuma chenye meno kiliacho gurudumu linapozunguka bila kukanyagwa: ndani yake mna vijilimi vidogo vyenye springi, na grisi nzito huvigandisha, mtu akakanyaga hewa.

Wakati mzuri wa kazi hii kwetu ni mvua zinapokwisha na soko halijafunguliwa. Ndipo maji yaliyoingia masika yote huondolewa kabla uzito haujaja. Sisi mwaka ule tulifanya kinyume, tukajisifu kwa kuwahi. Na twasema wazi kwamba grisi ya kawaida ibadilishwayo kila mwaka ni bora kuliko ya gharama kubwa iliyokaa miaka mitano bila kuonwa.

Sasa ombi letu kwa Bodi. Baiskeli moja, vitovu viwili, pedeli, shingo na ekseli, yahitaji kama gramu 30. Ndoo moja ya kilo 15 yatosha baiskeli 500. Mwanachama anunuaye kikopo peke yake hulipa bei ya rejareja kwa kitu asichokijua. Chama kinunuapo ndoo hulipa bei ya jumla kwa kitu kilichoandikwa jina na namba. Twaomba inunuliwe ya lithiamu, Namba 2, moja tu kwa Vyama vyote vya Msingi, ili pasiwe na kuchanganya baiskeli ihamapo kutoka karakana hii hadi ile. Makatibu waigawe katika makopo yenye vifuniko, na ichotwe kwa kijiti safi. Tumewahi kuona ndoo wazi katika ghala la pamba siku ya mizani, na baada ya saa moja ilikuwa na manyoya kama kifaranga.

Kitovu cha mwaka 2020 tumekileta. Kipo juu ya meza karibu na mlango, kimefunguliwa, pamoja na gololi zake na kopo la grisi ile. Mwenye baiskeli ile ameturuhusu kukionyesha, na sisi tumemtengenezea kingine bila malipo. Kando yake tumeweka grisi za namna tatu na bakuli la maji. Wanachama wanaopenda kujaribu waje sasa, kabla ya chakula, kwa sababu baada yake mikono itakuwa na kazi nyingine.