Nyayo za Laetoli na Ghala Letu



Mwaka 1978 kule Laetoli, Ngorongoro, kundi la Mary Leakey lilifukua nyayo za wazee wetu wa kale kabisa, kwenye majivu ya volkano yaliyoganda. Zina miaka milioni 3.6. Walikuwa wafupi, hawana mkuki wala panga, na fisi wapo. Walipita pamoja, mmoja akikanyaga mle mle alimokanyaga mwenziwe. Peke yake nani angefika?

Sasa sisi tuna majembe na ghala la bati, halafu wengine wanasema kila mtu na debe lake! Mvua ikikosa, debe moja litalisha watoto siku ngapi? Asiyeamini hesabu ya ghala aende kwa katibu alione daftari. Mizani iko wazi Jumamosi asubuhi. Tunapokea hata nusu gunia.