Maneno Yetu Juu ya Gare ya Tenke



Leo tunataka kusema nanyi juu ya gare ya Tenke. Wengi wanapita pale na kuona gare ndogo tu. Lakini ni pale njia mbili kubwa za reli za Katanga zinakutana.

Kwanza ilikuja njia ya kusini. Mwaka 1910 gari la moshi lilifika Elisabethville, leo Lubumbashi, toka Rhodesia. Reli ikaendelea kaskazini, ikapita Tenke, ikafika Bukama kwenye mto Lualaba mwaka 1918. Kisha mwaka 1931 ikaungana nayo njia ya pili, ile inayotoka bahari ya Lobito, kupita Angola na Dilolo. Hivi shaba yetu ikapata njia fupi ya kwenda baharini. Mwaka 1952 wakatia umeme juu ya reli kati ya Jadotville, leo Likasi, na Tenke.

Nani walifanya hiyo kazi? Wenye mali walikuwa wageni, na faida ilikwenda ng'ambo. Lakini waliopasua mawe na kubeba vyuma mabegani ni babu zetu. Tusiwasahau.

Mwaka 1975 vita ya Angola ilifunga njia ya Lobito. Tenke ikabaki kama mutu wa mukono mumoja. Mugodi wa Tenke-Fungurume ulipoanza kutoa shaba mwaka 2009, malori ndiyo yalibeba mizigo. Mwaka 2015 reli ya Angola ilifunguliwa tena mpaka Luau, kwenye mupaka wetu. Sasa wakubwa wa inchi nyingi wanasema tena juu ya Lobito.

Sisi tunauliza: gare itafanya kazi kwa nani? Kama shaba inapanda na mama mwenye gunia la mahindi anabaki chini, hayo si maendeleo yetu. Tunataka magari ya watu, tikiti ya bei inayofaa, na kazi kwa watoto wa pale. Na sisi wenyewe tusinunue vyuma vya reli vilivyoibiwa. Anayeuza reli anauza njia ya mutoto wake.

Ndugu, ukipita Tenke, simama kidogo. Angalia treni inakwenda na nini, tena inarudi na nini. Kisha njoo, tuseme pamoja.